Tuko kwenye listi ya kusubiri, waliokuja nyuma yetu wameshaitwa. Hivi hizi nafasi za watoto wadogo zinagawiwaje?

Tausi_M

Habari zenu wadau, naombeni mnieleweshe maana nimebaki na maswali mengi kuliko majibu. Binti yetu ametimiza miaka mitatu, tukamwombea nafasi kwenye kituo cha malezi na elimu ya awali, hivi vya ruzuku ambavyo mzazi halipi au anachangia kidogo tu. Fomu tulijaza mapema, yaani zilipotoka tu sisi tulikuwa wa mwanzo mwanzo, tukapeleka cheti cha kuzaliwa, kadi ya chanjo, karatasi za mshahara wa baba yake, kila walichotaka. Tukaambiwa tuna sifa, tusubiri, na kwamba tuko juu juu kwenye listi. Nikapumua.

Sasa kuna jirani yangu tunaelewana vizuri tu, yeye hata hakuwa anajua kama hicho kituo kipo mpaka nilipomwambia mimi, kaenda kajaza fomu majuzi na mwanae kaitwa. Nikapiga simu kuuliza, dada wa mapokezi kanijibu kwa upole kabisa kwamba kwa sasa tumeshuka kidogo. Tumeshukaje jamani wakati tulishakuwa juu? Nikamuuliza na kuhusu jirani akasema hawezi kuzungumzia familia nyingine, basi hapo ndo nikazidi kuchanganyikiwa.

Sina kinyongo na jirani, mtoto wake namtakia heri na nilimwelekeza kwa moyo mmoja. Ila nataka kuelewa. Kuna kazi nimeahidiwa, nianze pale mtoto atakapopata pa kukaa, na hao watu hawatanisubiri milele. Kuna utaratibu wowote unaoeleweka au wanaangalia sura?

---

Mkwezi_wa_Leo

Sura hiyo dada, wala usijisumbue kutafuta utaratibu. Nafasi zikiwa chache na waombaji wengi lazima kujuana kutaingia, utaambiwa sijui kamati, sijui vigezo, mwisho wa siku anaitwa mtoto wa shemeji yake na mtu. Jirani yako atakuwa na mtu pale ndani ila hawezi kukwambia. Tafuta na wewe mtu wako.

---

BiFomu

Tausi pole sana, ila hilo la "tafuta mtu wako" liweke pembeni kwanza. Mkwezi sikatai kwamba upendeleo upo duniani, ila kwa alivyoeleza dada hapo mimi naona kitu kingine kabisa. Niko upande wa uandikishaji kwenye Head Start, programu ya serikali ya elimu ya awali huku Marekani, kazi yangu kila siku ni hizo hizo fomu. Sheria za kituo chenu sizijui ila programu nyingi za ruzuku zinafanana kwenye mambo ya msingi, kwa hiyo nakueleza za kwetu upate picha alafu utaenda kuwauliza wao za kwao.

La kwanza ambalo wazazi wengi hawaambiwi waziwazi ni kwamba ile listi sio foleni. Foleni ni nani kafika kwanza. Listi ya programu kama zetu inapangwa kwa uhitaji, kila familia inapewa pointi kulingana na hali yake, na mwenye pointi nyingi anakaa juu hata kama fomu yake imeingia jana jioni. Leo unaweza ukawa wa tatu, wiki ijayo zikaingia familia mbili zenye hali ngumu zaidi ukawa wa tano, na hakuna aliyekuchezea. Tarehe ya fomu mara nyingi inaangaliwa pale tu pointi zinapolingana.

Pili, watu wanachanganya sifa na kipaumbele. Kwetu sifa zimeandikwa kwenye kanuni za serikali kuu, Head Start ilianza 1965 enzi za Rais Lyndon Johnson kwenye ule mkakati wake wa kupambana na umaskini kwa hiyo tangu mwanzo iliwalenga watoto wa familia zenye kipato kidogo. Unaingia kama kipato cha familia hakizidi kiwango cha umaskini cha serikali, au mnapokea misaada fulani ya serikali, au hamna makazi, au mtoto yuko kwenye malezi ya kambo, yaani serikali imemtoa kwa wazazi wake akalelewe kwingine. Ukiwa na mojawapo una sifa, lakini kuwa na sifa maana yake ni kwamba unaruhusiwa kuchaguliwa, basi. Wenye sifa wanaweza kuwa mara mbili ya viti vilivyopo. Pia tunaruhusiwa kuchukua hadi asilimia 10 ya watoto ambao familia zao zimezidi kiwango cha kipato, na programu ikishahakikisha kwamba wenye uhitaji zaidi wamefikiwa inaweza kuongeza wengine hadi asilimia 35 kutoka familia ambazo kipato chao kiko kati ya kiwango cha umaskini na asilimia 130 ya hicho kiwango. Hii iliwekwa kwa ajili ya wale ambao mzazi akiongezewa kidogo tu mshahara anaambiwa amevuka mstari wakati maisha nyumbani hayajabadilika chochote.

Kipaumbele sasa, hapo ndo kwenye pointi. Kila programu inajitengenezea zake baada ya kuangalia jamii inayoihudumia ina shida gani, kama eneo lina familia nyingi zisizo na makazi basi hilo litabeba pointi nyingi, kama kuna watoto wengi wanaolelewa na bibi vilevile. Vinavyoangaliwa kwa kawaida ni kipato, makazi, malezi ya kambo, ulemavu au mashaka ya ukuaji, umri wa mtoto, mzazi mmoja, mzazi anayefanya kazi au kusoma, rufaa kutoka ustawi wa jamii. Na hivyo vigezo haviamuliwi na mkurugenzi peke yake ofisini, kuna baraza ambalo zaidi ya nusu ya wajumbe ni wazazi wa watoto waliopo kwenye programu, hao ndo wanavipitisha pamoja na bodi.

Kuna nafasi zimeshatengwa pia. Angalau asilimia 10 ya nafasi zote ziende kwa watoto wenye ulemavu wanaostahili huduma kisheria, na tunaruhusiwa kushikilia mpaka asilimia 3 kwa watoto wasio na makazi au walio kwenye malezi ya kambo, ila sio zaidi ya siku 30, baada ya hapo kiti kinahesabika kiko wazi na kiti kikiwa wazi lazima kijazwe ndani ya siku 30. Kwa hiyo ukiona mtoto kaitwa ghafla inawezekana kabisa kaingia kwenye nafasi ambayo wa kwako asingeingia hata angekuwa wa kwanza.

Alafu umri. Hili linaumiza wazazi kuliko yote na halina uhusiano na haki wala dhuluma. Darasa la miaka mitatu kwetu mwisho watoto 17, la minne mpaka mitano mwisho 20, wale wachanga chini ya miaka mitatu kundi moja mwisho wanane na kila mwalimu watoto wanne. Kikitoka kiti darasa la minne, wa mitatu aliye juu ya listi hawezi kukaa hapo. Mtoto wa jirani yako ana umri gani?

La mwisho kwa leo, huyo dada wa mapokezi kukataa kuongelea familia nyingine amefanya sawa. Inawezekana kuna jambo nyumbani kwa jirani ambalo wewe hulijui na hupaswi kulijua. Mimi kwenye mafaili naona mambo ambayo majirani wa ukuta kwa ukuta hawayafahamu.

---

Tausi_M

BiFomu asante sana, Mungu akubariki, hakuna aliyewahi kunieleza hivi. Mtoto wa jirani anakaribia minne. Hilo sikulifikiria kabisa.

---

Baba_Pacha

Nimesoma yote ya BiFomu na naheshimu, ila kuna kitu hakinikai sawa. Huu mfumo wa kuangalia umaskini tu unawasahau wanaofanya kazi. Mimi na mke wangu tunatoka asubuhi, watoto wanabaki kwa mtu ambaye kila baada ya muda anaondoka tunaanza upya kutafuta, sasa kwenye pointi sisi tunaonekana tuko vizuri kwa sababu mishahara iko miwili. Lakini hiyo mishahara miwili ipo kwa sababu tunaenda kazini, mmoja akiacha kazi alee watoto unabaki mshahara mmoja na ndo tutakuwa na sifa, hapo kuna akili gani?

Australia kabla ya 2018 vituo vya ruzuku vilikuwa na ngazi tatu, kwanza mtoto aliye hatarini kunyanyaswa au kutelekezwa, pili mtoto ambaye wazazi wake wote wanafanya kazi au wanasoma au wanatafuta kazi, au mzazi yuko peke yake na anafanya hivyo, tatu wengine wote. Kwangu mimi ule mpangilio unaeleweka kwa mtu yeyote hata ukimwamsha usiku. Ngazi tatu, unajua uko wapi, hakuna pointi za kukokotoa.

---

BiFomu

Baba Pacha unachosema kina uzito na sio wewe peke yako, hilo tunalisikia kila msimu wa uandikishaji. Ila inategemea programu imeanzishwa kwa ajili gani. Kuna programu za kumwezesha mzazi aende kazini, hizo lazima ziulize kazi kwanza, hata huku ruzuku ya malezi ya watoto inayotolewa kupitia majimbo inataka mzazi awe kazini, masomoni au kwenye mafunzo. Na kuna programu za kumsaidia mtoto mwenyewe ambaye bila hiyo huduma ataanza darasa la kwanza akiwa ameachwa mbali, hapo mzazi kuwa na kazi au kutokuwa nayo ni jambo la pili. Head Start ni ya aina hii ya pili.

Tatizo la kuweka kazi mbele ya kila kitu ni hao kina Tausi. Kazi ipo, inamsubiri, ila hawezi kuianza mpaka mtoto apate nafasi, na nafasi haipati mpaka awe na kazi. Programu ikiwa na mstari wa "anafanya kazi" bila kuweka "ameahidiwa kazi" au "anatafuta" inamfungia nje mama kama huyu kabisa. Kwa hiyo Tausi kama una barua ya hiyo ahadi ya kazi, au hata ujumbe wa maandishi wenye tarehe, wapelekee. Sio kila kituo kinaupa pointi lakini usiache faili lako liseme tu "mama yuko nyumbani".

---

Mama_Hodari

Naongezea kwenye suala la ulemavu na mashaka ya ukuaji kwa sababu wazazi wengi wanalificha hapo hapo kwenye fomu.

Mwanangu wa kiume alichelewa kuongea, sio kidogo, anaelekea miaka mitatu anasema maneno ya kuhesabika na mengine sisi wenyewe tu ndo tunaelewa. Fomu ikawa na swali "je una wasiwasi wowote kuhusu ukuaji wa mtoto". Upande wa mume wangu wakasema msiandike, watamkataa, watasema mzigo, au watampa jina la ajabu litamfuata mpaka shule. Tukaandika kila kitu, tukaambatanisha na karatasi ya mtaalamu wa matamshi aliyemwona. Aliyetuhoji alipofika kwenye lile swali aliacha kuandika, akatuuliza taratibu anapotaka maji anafanyaje, anaponyang'anywa kitu anafanyaje, anaangalia usoni ukimwita. Hakuna aliyewahi kutuuliza vile.

Nafasi alipata na anahudumiwa na mwalimu anayejua anachofanya. Kwa hiyo ndugu zangu ile sehemu msiiruke, na kama hamjampima mtoto ila mioyo yenu ina shaka, semeni kwamba mna shaka. Programu nzuri itawaelekeza wapi pa kumpima, ila kama mmeandika "hakuna" watajuaje?

---

Msafiri77

Jamani hili la makazi mimi nataka nilisemee kwa sauti maana limewapita watu wengi ninaowafahamu. Ukisikia "wasio na makazi" unapata picha ya mtu analala barabarani au kwenye hema, kwa hiyo unaweka "hapana" haraka haraka na unaendelea. Huku Marekani kwenye sheria wanayotumia, ile ya McKinney-Vento, familia inayokaa kwa ndugu au rafiki kwa sababu ilipoteza nyumba au hali ya uchumi imewashinda nayo inahesabika haina makazi. Moteli kadhalika, kama mmekimbilia huko kwa kukosa pengine pa kwenda.

Sisi tulikuwa kwa shangazi yangu sebuleni. Magodoro asubuhi tunayasimamisha nyuma ya kochi ili watu wapite, mtoto analala pale watu wazima wakishamaliza mazungumzo yao na taa ikazimwa, mara nyingi usiku umeshaenda. Kwenye fomu niliandika anwani ya shangazi maana ndo tulipokuwa tunaishi na ni kweli. Yule mama wa mahojiano akaniuliza swali moja zaidi, "hapo mnalala chumba gani, na mlifikaje hapo". Nilipomweleza akaniambia familia yenu inaingia kwenye kundi lingine kabisa, na kama kuna karatasi za mtoto hazijakamilika ataanza wakati tunazitafuta. Na kweli kadi ya chanjo ilipotea kwenye kuhamahama na haikuwa kikwazo.

Nilijisikia vibaya siku ile sitaki kusema uongo, mwanaume mzima kuandikwa hana makazi. Lakini nafasi ni ya mtoto. Kama uko kwa ndugu kwa sababu huna pengine pa kwenda sema hivyo, usiishie kwenye anwani.

---

BiFomu

Msafiri77 umesema jambo ambalo mimi nimeshindwa kulieleza vizuri miaka yote. Naomba kila anayefanya mahojiano aulize hilo swali lako, mnalala wapi na mlifikaje hapo, kuliko kusoma tu kisanduku cha ndiyo au hapana.

---

Mjumbe_Mtulivu

Mimi ni mjumbe wa kamati ya kituo kimoja kidogo cha jamii, sio cha serikali, na kwa miaka mingi tulikuwa tunatumia "aliyewahi kapata". Inaonekana ni haki kuliko zote, hakuna wa kulalamika, tarehe ni tarehe. Tulipokaa kuangalia ni kina nani wamejaa darasani tukaona ni watoto wa watu walewale, wenye simu nzuri wanaoona tangazo dakika hiyo hiyo, wenye nafasi ya kuja mchana, wenye ndugu aliyewaambia fomu zinatoka lini, wengine walikuja kuandikisha mtoto hata hajazaliwa. Mama anayefanya kazi za zamu anakuja baada ya wiki tatu anakuta pamejaa. Aliyewahi ni yule aliyekuwa na habari, na habari haziwafikii watu wote sawa. Ndo maana mimi namuunga mkono BiFomu kwenye pointi.

Vilevile kipaumbele cha kaka na dada, yaani mtoto ambaye ndugu yake yupo tayari. Mzazi hawezi kuzunguka vituo viwili kila asubuhi hilo naliunga mkono, ila ukilipa uzito mkubwa familia zilizoshaingia zinazidi kuingia na ambazo hazijawahi kuingia zinabaki nje mwaka hadi mwaka. Sisi tumelifanya la kuamulia tu pale pointi zikikaribiana.

Sasa kwa Mkwezi kuhusu kujuana. Hofu yako ni ya kweli na dawa yake sio kutafuta mtu, dawa yake ni utaratibu unaomnyima mtu wa ndani nafasi ya kuchomeka jina. Kwetu anayehesabu pointi anapewa fomu yenye namba bila jina, wa pili anahesabu tena bila kuona alichoandika mwenzake, wakitofautiana wanakaa wanaangalia karatasi. Mjumbe mwenye ndugu kwenye listi anatamka mwanzoni na anatoka nje ya chumba. Na vigezo vinabandikwa ubaoni kabla fomu hazijaanza kupokelewa, sio baada, maana ukiviandika baada ya kuona waombaji unaweza ukavichonga vimfae umtakaye.

Wakilingana kabisa kabisa tunapiga kura ya bahati mbele ya wazazi. Kuna waliosema ni kucheza na maisha ya mtoto ila mimi naona ni heshima zaidi kuliko kamati kujifanya inaweza kupima shida ya nyumba hii na nyumba ile kwa tofauti ya pointi moja. Shule za serikali za Boston zilitumia bahati nasibu kugawa nafasi za darasa la watoto wa miaka minne, watafiti wakaja kuwafuatilia walioomba kati ya 1997 na 2003, zaidi ya watoto 4,000, na kwa sababu aliyepata na aliyekosa walitofautishwa na bahati tu waliweza kulinganisha vizuri. Waliopata nafasi walifika chuo kwa wingi zaidi. Mimi hiyo ilinikaa kichwani, kwamba kile kiti tunachobishania hapa kinaweza kumfuata mtoto mpaka utu uzima. Nikikaa kwenye kikao siharakishi tena faili hata moja.

---

Mkwezi_wa_Leo

Mjumbe hapo umenijibu kiungwana na nimeelewa. Ila bado nauliza, kwa nini tunaumiza vichwa kupanga nani aachwe? Si wajenge madarasa watoto wote waingie, hizi pointi zote zinakuwa hazina kazi.

---

Baba_Pacha

Hapo sasa ndo penyewe. Norway tangu 2009 mtoto ana haki kisheria ya kupata nafasi kuanzia mwaka mmoja, Ujerumani tangu Agosti 2013 nao hivyo hivyo mtoto akishatimiza mwaka. Haki ya kisheria maana yake mtaa mzima unadai serikali, haumdai dada wa mapokezi.

---

BiFomu

Naafiki kwa asilimia zote kwamba dawa ya kudumu ni nafasi kuongezeka. Ila hata huko hawakuacha kupanga, Ujerumani walimu na madarasa hayatoshi sehemu nyingi mpaka wazazi wanakwenda mahakamani kudai haki ambayo tayari wanayo kwenye karatasi, na Norway sheria yao ile ile bado inasema mtoto mwenye ulemavu na anayefuatiliwa na ustawi wa jamii atangulie kwenye uandikishaji. Kwa hiyo kujenga tujenge, na huku tunajenga mtoto ambaye hali yake haiwezi kungoja apite kwanza.

---

Tausi_M

Wadau nimerudi. Kwa yote mliyosema nilipiga simu tena, safari hii sikuuliza habari za jirani, niliuliza tu faili letu lina nini ndani na vigezo viko wapi nivisome. Wakanipa kwa moyo mweupe. Kumbe wametumia karatasi za mshahara za miezi ile ambayo baba yake alikuwa na ovataimu kila wiki. Tangu hapo kiwandani wamepunguza saa, ovataimu hakuna na hata zile siku za kawaida zimepungua. Na mama mkwe amehamia kwetu baada ya kuumwa, tunamhudumia sisi. Hivi vyote vimetokea baada ya fomu kuingia.

Sasa naogopa kitu kimoja BiFomu. Nikipeleka hizi habari sasa hivi, baada ya kuulizia ulizia, hawataona natengeneza shida ili nipande kwenye listi? Na ile ahadi ya kazi ninayo kwenye ujumbe wa simu.

---

BiFomu

Peleka bila woga. Kusasisha faili ni haki yako na kwetu tunawaomba wazazi wafanye hivyo, shida wengi wakishajaza wanakaa kimya wakidhani jambo limeisha. Kwa kawaida kwetu kipato tunakiangalia kwa miezi 12 iliyopita au mwaka wa kalenda uliopita, lakini kanuni inaruhusu kabisa familia ikionyesha kwamba kipato kimebadilika sana tuangalie hali ya sasa. Mwombe mume wako barua kutoka kazini inayosema saa zimepunguzwa tangu lini, na karatasi za mshahara za karibuni, hizo mbili zinatosha kuanzia. Kuhusu mama mkwe uliza wao wanahesabu vipi idadi ya watu wa familia, kwetu sio kila anayelala nyumbani anahesabiwa, inategemea anategemea kipato chenu na ana undugu gani na wazazi. Usijihesabie mwenyewe, waeleze hali ilivyo wao ndo wahesabu.

Nisichotaka kuona ni mtu kuandika kisichokuwepo. Kuna wazazi wanamfuta baba kwenye fomu wakati baba yupo nyumbani anakula na kulala hapo, likigundulika linaumiza mtoto ambaye ameshazoea mwalimu wake, na linamuumiza aliyekuwa na shida ya kweli akakosa kile kiti. Wewe huna sababu ya kufika huko, ukweli wenu wenyewe unatosha.

Ukishapeleka omba wakwambie siku watakayopanga listi upya, na waulize kama kuna darasa la mchanganyiko wa umri au kituo chao kingine chenye nafasi ya miaka mitatu, wakati mwingine kiti kipo tawi la pili na hakuna aliyekuambia kwa sababu kwenye fomu uliweka tiki kituo kimoja.

Na pokea simu hata kama namba huijui. Kiti kikitoka tunapiga, tusipopata mtu tunaacha ujumbe, tunajaribu tena, tukikosa tunakwenda kwa familia inayofuata kwa sababu zile siku 30 zinahesabika. Waachie na namba ya mume na ya huyo jirani yako kama mnaelewana.

---

Tausi_M

Barua ya kazini baba yake ameshaiomba, wamesema Ijumaa. Namba ya jirani naongeza leo hii, na yeye nitamwambia.